Saratani ya utumbo: Matembezi ya dakika 45 yanavyopunguza hatari ya kurejea

MWALIMU mmoja mstaafu wa Machakos, rafiki yangu wa miaka mingi, alitundikiwa chupa yake ya mwisho ya tibakemikali mwaka jana. Wauguzi walimpigia makofi, akakabidhiwa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi baada ya miezi 3, kisha akaambiwa aende nyumbani.

Kabla ya kuondoka alimgeukia daktari akamwuliza: "Sasa nifanye nini ili isinirudie?"

Jibu alilopata lilikuwa fupi. Ale vizuri, apumzike, asikose kliniki. Nyuma yake palikuwa na foleni iliyofika hadi nje ya ukumbi, na sidhani daktari yule alikuwa na wasaa wa kusema zaidi.

Jioni ile swali hilo likahamia kwangu kwa njia ya simu. "Mhariri," alisema, "nyinyi ndio mnaopitia habari za dunia nzima. Hebu nitafutie jibu."

Nilimwahidi kwa wepesi wa mtu asiyejua anachoahidi. Jibu lipo, na kwa bahati njema sehemu yake moja imethibitishwa hivi karibuni kwa namna ambayo haikuwahi kuthibitishwa hapo awali. Sehemu nyingine bado ni ya kukisia kwa busara, na zipo sehemu ambazo ni uzushi mtupu unaouzwa kwa bei ghali.

Saratani ya utumbo mpana na ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo inayofikia njia ya haja kubwa, ni ya tatu duniani kwa idadi ya wagonjwa wapya na ya pili kwa vifo. Mwaka 2022 pekee, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo na wengine wapatao 900,000 wakaaga dunia kwa ajili yake. Humu nchini imo miongoni mwa saratani 5 zinazoongoza.

Mpasuaji anapokata kipande cha utumbo chenye uvimbe, hukiondoa pamoja na tezi za limfu zilizo karibu nacho na kuzipeleka maabara. Tezi zikikutwa safi, mgonjwa huwa katika hatua ya kwanza au ya pili, kutegemea uvimbe umepenya kiasi gani katika ukuta wa utumbo. Zikikutwa na seli za saratani, amefika hatua ya tatu. Maradhi yakiwa yamekwisha kujipandikiza katika ini, mapafu au kiungo kingine cha mbali, hiyo ni hatua ya nne.

Tatizo ni zile seli ambazo hazionekani kwa jicho la mpasuaji wala kwa picha ya mashine. Huenda zilikwisha kutoroka kupitia damu miezi kadhaa kabla ya kisu kugusa tumbo. Tibakemikali hutolewa ili kuzisaka seli hizo. Mara nyingi huzimaliza. Mara nyingine chache husalia zikiwa zimejibanza, na ndizo zinazokuja kuota upya, aghalabu katika ini, kwa kuwa damu itokayo utumboni hupitia huko kwanza kabla ya kurejea moyoni.

Kati ya visa 10 vya kurejea kwa maradhi haya, takriban 8 hutokea katika miaka 3 ya kwanza baada ya upasuaji. Vilivyosalia karibu vyote hutokea kabla ya mwaka wa tano kutimia. Ndiyo maana hofu ya mgonjwa haiishi pamoja na tiba. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tumbo la Mwalimu likinguruma usiku kwa sababu ya maharagwe, yeye hukesha.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe.

Mnamo Juni 1, 2025, katika mkutano mkuu wa wataalamu wa saratani uliofanyika Chicago, Marekani, na wakati huo huo katika jarida la New England Journal of Medicine, yalitolewa matokeo ya majaribio yaitwayo CHALLENGE. Miongoni mwa walioyaongoza ni Dkt Christopher Booth wa Chuo Kikuu cha Queen's na Prof Kerry Courneya wa Chuo Kikuu cha Alberta, vyote vya Canada. Wagonjwa walianza kusajiliwa mwaka 2009, kwa hivyo kazi hiyo ilikuwa imekula zaidi ya miaka 15.

Wagonjwa 889 kutoka vituo 55, vingi vikiwa vya Canada na Australia, waligawanywa katika makundi mawili kwa njia ya kura. Wote walikuwa na saratani ya utumbo mpana ya hatua ya tatu, au ya hatua ya pili yenye dalili za kutisha. Wote walikuwa wamekwisha kupasuliwa na kumaliza tibakemikali.

Kundi la kwanza, la watu 444, lilipewa vijitabu vyenye mawaidha kuhusu lishe bora na manufaa ya mazoezi. Kundi la pili, la watu 445, lilipewa vijitabu vivyo hivyo, na juu yake likapewa mtu wa kulifuatilia.

Mtu huyo ndiye kiini cha mambo. Katika miezi 6 ya kwanza mgonjwa alionana naye kila wiki mbili. Walipanga pamoja, wakafanya mazoezi pamoja, wakazungumzia vilivyomzuia mgonjwa wiki iliyopita: mvua, uchovu, msiba, uvivu. Kadiri muda ulivyosonga vikao vilipungua, vingine vikafanywa kwa simu, hadi miaka 3 ikatimia.

Hakuna aliyetakiwa kukimbia marathoni. Lengo lilikuwa kuongeza, juu ya yale mgonjwa aliyozoea kufanya, mazoezi yanayolingana na kutembea kwa mwendo wa haraka kwa dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Aliyependa baiskeli aliendesha, na aliyependa kuogelea aliogelea.

Baada ya miaka 5, watu 80 katika kila 100 wa kundi la mazoezi walikuwa hai bila ya saratani kurejea wala nyingine mpya kuzuka. Katika kundi la vijitabu walikuwa 74. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai upande wa mazoezi ni 90 katika kila 100, na upande wa vijitabu 83. Vifo vyote kwa jumla vilikuwa 41 upande mmoja na 66 upande wa pili.

Msomaji aliyezoea matangazo ya dawa za miujiza huenda akaiona tofauti ya watu 6 au 7 kuwa ndogo. Si ndogo hata kidogo. Maana yake ni kwamba katika kila watu 14 waliofuatiliwa na kufanya mazoezi, mmoja alikuwa hai baada ya miaka 8 ambaye vinginevyo angekuwa kaburini. Zipo dawa za saratani za bei ya kutoa machozi ambazo ziliidhinishwa kwa manufaa madogo kuliko hayo.

Jambo lililonigusa zaidi, mimi ambaye kazi yangu ni maneno, ni lile kundi la vijitabu. Watu wale nao waliambiwa yote. Walisoma kwamba mazoezi ni mazuri, na bila shaka waliafiki. Ila kuambiwa hakukutosha, na sijui kama makala haya nayo yatafanya zaidi ya vilivyofanya vijitabu vile.

Kwa nini mguu unaotembea uzuie seli iliyojificha kwenye ini? Wanasayansi wana maelezo kadhaa ingawa hawajakubaliana ni lipi lenye uzito zaidi. Misuli inapofanya kazi huteketeza sukari iliyo katika damu, na mwili hauhitaji kumwaga insulini nyingi. Insulini nyingi, pamoja na homoni zinazofanana nayo, huchochea seli kuzaana. Mazoezi pia hupunguza ule mwasho wa ndani kwa ndani unaodumu mwilini kwa miaka bila mtu kuuhisi, na huziamsha seli za kinga ili zizunguke katika damu.

Ambalo halikuleta tofauti hiyo ni kukonda. Uzani wa watu wa makundi yale mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Naliandika hili kwa sababu kuna watu wanene watakaokata tamaa baada ya mwezi mmoja kwa kuwa mizani haijasogea, na wapo wembamba wanaodhani kwamba shauri hili haliwahusu.

Aidha, lazima mipaka ya majaribio haya isemwe waziwazi. Yalihusu saratani ya utumbo mpana, wala si ya puru. Hayakuwahusu walio katika hatua ya nne, na humu nchini wengi hufika hospitalini wakati huo. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra na ambaye alifariki Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 41, alieleza hadharani kwamba saratani yake ya utumbo iligunduliwa ikiwa tayari katika hatua hiyo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo matembezi huweza kumpunguzia uchovu na kumpandisha moyo, lakini asidanganywe kwamba yatafanya kazi ya dawa.

Kadhalika, waliokuwa wakifanya mazoezi ya kutosha tangu awali hawakuandikishwa. Mama wa kijijini anayelima tangu alfajiri, akateka maji na kupanda mlima akiwa na kuni mgongoni, hakuwamo katika hesabu hizo. Kumwambia aongeze saa moja ya kutembea kungekuwa kichekesho. Wanaohusika hasa ni watu wa aina yangu, tuliokaa vitini miongo mitatu tukisahihisha nukta na mikato, tukisafiri kwa matatu hadi mlangoni pa kazi na kurudi vivyo hivyo.

Mazoezi nayo yana gharama yake. Karibu watu 19 katika kila 100 waliofanya mazoezi walipata maumivu ya misuli, viungo au mifupa, ikilinganishwa na karibu 12 wa kundi la pili.

Mwalimu alipoanza alikumbana na kikwazo ambacho hakuna kijitabu kilichokuwa kimemwonya kukihusu. Nyayo zake zilikuwa na ganzi. Hali hiyo huwapata wengi waliotibiwa kwa dawa iitwayo oxaliplatin, ambayo hudhuru neva za mikono na miguu, na kwa baadhi yao ganzi hiyo hudumu kwa miezi au hata miaka. Alisema alihisi kana kwamba anakanyaga sufi.

Mtu wa namna hiyo asitembee pekupeku wala kwa kandambili. Anahitaji viatu vilivyofungwa vyema na visivyobana, na kila jioni akague nyayo zake, kwa maana anaweza kuchomwa na mwiba asijue hadi kidonda kitunge usaha. Penye giza na mawe atumie fimbo.

Aliyetobolewa tumboni na kuwekewa mfuko wa choo anaweza kutembea vizuri kabisa, ila asibebe vitu vizito pasipo ushauri, kwa sababu utumbo huweza kusukumwa nje kandokando ya tundu hilo. Mwenye upungufu wa damu, maumivu ya kifua au moyo dhaifu amwone daktari kwanza. Wengine waanze na dakika 10 kwa siku, waongeze dakika 5 kila wiki.

Mwendo wa haraka ni upi? Ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini hukuwezeshi kuimba. Kwa mwendo huo, dakika 45 zinatosha takriban kilomita 4, ambao ni kama umbali wa kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Westlands. Najua mtu ataniuliza atembee wapi ilhali mitaa mingi haina njia za miguu, bodaboda zinapita hata mahali pasipo njia, na jua likitua mtu huhofia simu yake. Sina jibu la kuwaridhisha wote. Wapo wanaouzunguka uwanja wa shule asubuhi, na wapo wanaoshuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kufika.

Ama kuhusu chakula, hapo ndipo swali la Mwalimu lilipokuwa zito zaidi, na ndipo ushahidi ulipo mwembamba zaidi.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi nchini Uganda kwa karibu miaka 20 kuanzia miaka ya 1940. Wengi wanamkumbuka kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini baadaye, akikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za bara hili, alibaini kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini ilhali huko Uingereza ilikuwa ya kawaida. Katika maandishi yake ya mwaka 1971 alitoa hoja kwamba siri ilikuwa katika nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa.

Hoja hiyo ilipingwa, ikaungwa mkono, ikapingwa tena. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walifanya jambo la werevu. Walichukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakabadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala uji wa mahindi, maharagwe na matunda. Wanakijiji wakala soseji, baga na viazi vya kukaanga.

Wiki mbili tu zilitosha. Kuta za utumbo za Wamarekani zilipunguza mwasho, na bakteria wao wakaanza kutengeneza kwa wingi asidi iitwayo butireti, ambayo hulisha na kulinda ukuta wa utumbo. Kwa wanakijiji mambo yalikwenda kinyume.

Hata hivyo utafiti huo ulihusu watu wazima wa afya. Kwa waliokwisha kuugua, taarifa mashuhuri ni ile iliyochapishwa mwaka 2007 na Dkt Jeffrey Meyerhardt wa Boston na wenzake. Waliwafuatilia wagonjwa 1,009 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya tatu. Waliokula zaidi nyama nyekundu, nyama za viwandani, viazi vya kukaanga, nafaka zilizokobolewa na vitu vitamu walikuwa na hatari ya kurejewa na maradhi au kufariki iliyozidi mara tatu ya wale waliokula vyakula hivyo kwa uchache zaidi. Kundi hilo hilo la watafiti baadaye liliona dalili njema kwa walaji wa njugu za mitini, kama korosho na lozi, na dalili mbaya kwa wanywaji wa soda na vinywaji vingine vya sukari.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Tafiti hizi hazikuwagawa watu kwa kura. Ziliwauliza wanakula nini, kisha zikasubiri. Huenda mla korosho ni mtu mwenye fedha na hospitali nzuri karibu. Huenda aliyepoteza hamu ya mboga alikuwa tayari ana maradhi yanayochipuka bila yeye kujua. Kwa hivyo hakuna awezaye kumwambia Mwalimu kwamba akila managu saratani haitarudi. Linaloweza kusemwa ni kwamba mwelekeo wa ushahidi ni mmoja, na chakula kinachopendekezwa ni kizuri kwa moyo na kisukari pia.

Ni jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, kwamba chakula hicho ndicho tulichokuwa nacho tukakiacha. Ugali wa unga wa kusaga mtaani usiokobolewa. Githeri, ndengu, kunde, mtama, wimbi, viazi vitamu, sukuma wiki, terere. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina nyuzinyuzi kati ya gramu 13 na 15, ambazo ni karibu nusu ya gramu 30 zinazopendekezwa kwa siku. Muthokoi anaoupenda Mwalimu, kwa kuwa mahindi yake hukobolewa, huwa umepoteza sehemu ya utajiri huo, nami sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Tulikubaliana awe anachanganya maharagwe mengi zaidi.

Lakini tahadhari. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni asijitwike nyuzinyuzi ghafla. Aongeze pole pole, na anywe maji ya kutosha. Na mwenye mfuko wa choo uliounganishwa na utumbo mwembamba awe mwangalifu sana na maganda ya mahindi na njugu, kwani huweza kuziba tundu na kumrudisha hospitalini usiku. Githeri yenyewe, kwa mtu huyo, ni chakula cha kuulizia kwanza.

Kuhusu nyama, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza Oktoba 2015 kwamba nyama za viwandani husababisha saratani ya utumbo, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha. Gramu 50 za nyama ya kiwandani kila siku huongeza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 18. Hiyo ni soseji moja tu, au smokie ya kando ya barabara anayoila kijana akisubiri gari.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, ni mapenzi ya jamaa. Mgonjwa akitoka hospitalini amekonda, familia nzima huapa kumnenepesha. Mbuzi huchinjwa, supu ya mifupa huchemshwa, soda na mikate huletwa na kila mgeni. Baada ya miezi kadhaa watu humsifu kwamba amenawiri. Katika wiki za kwanza mgonjwa anahitaji kweli kupata nguvu na protini ili apone vidonda. Lakini baada ya hapo, sherehe isigeuke mlo wa kila siku. Na upande wa pili, mwili ukipungua bila sababu, hiyo si habari njema ya kushangiliwa. Ni jambo la kumfikishia daktari.

Pombe na tumbaku sitazizungumzia kwa kirefu. Zote mbili zimo katika orodha ya visababishi vya saratani ya utumbo, na wagonjwa wanaoendelea kuvuta sigara baada ya tiba hufariki mapema kuliko wanaoacha. Chang'aa haina msamaha kwa kuwa ni ya kienyeji.

Lipo pia suala la aspirini, ambalo limezua gumzo. Septemba 2025 yalichapishwa majaribio ya nchi za Skandinavia ambapo wagonjwa wenye mabadiliko fulani ya jeni katika uvimbe wao walimeza miligramu 160 za aspirini kila siku kwa miaka 3. Katika kundi mojawapo, waliorejewa na saratani walikuwa karibu 8 katika kila 100, badala ya 14 miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Habari hiyo ni nzuri, lakini inawahusu tu ambao uvimbe wao umepimwa jeni hizo. Aspirini huweza kutoboa tumbo na kuvujisha damu. Mtu asiende dukani kuinunua kwa sababu ameisoma hapa.

Mwalimu alikuwa pia ameletewa chupa mbili za majani yaliyochemshwa, na muuzaji alimwambia aache kliniki ili "dawa zisigombane". Mwingine alimwonya kwamba sukari hulisha saratani, hivyo aache hata matunda. Seli zote za mwili hula sukari, za saratani na zisizo za saratani, na mtu aliyejinyima matunda amezinyima zote pamoja. Ama kuacha kliniki, hilo ndilo kosa ambalo matembezi hayawezi kulifuta.

Kliniki hizo si za kusalimiana. Katika miaka miwili ya kwanza mgonjwa anapaswa kupimwa damu kila baada ya miezi 3 hadi 6 ili kuangalia protini iitwayo CEA, ambayo hupanda saratani inaporejea kwa wengi. Anapaswa pia kupigwa picha za CT za kifua na tumbo mara kwa mara, na kuchunguzwa utumbo kwa kamera karibu mwaka mmoja baada ya upasuaji. Uvimbe mmoja katika ini ukionekana mapema huweza kukatwa, na wapo wanaopona kabisa hata baada ya saratani kurejea. Damu kwenye choo, maumivu ya tumbo yasiyoisha au choo kubadilika ghafla ni mambo ambayo hayangoji tarehe ya kadi.

Na ikirudi licha ya yote? Katika kundi lile la mazoezi wapo waliotembea miaka 3 na bado ikawarudia. Hawakukosea popote. Nimewahi kusikia katika matanga mtu akinong'ona kwamba marehemu "alipenda nyama sana", nikaona aibu kwa niaba ya waombolezaji wote.

Lawama, kama ipo, ingeelekezwa kwingine. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia dawa, mashine na vitanda vya wagonjwa wa saratani kwa viwango ilivyojiwekea. Mtu wa kumfuatilia mgonjwa baada ya hapo, ambaye ndiye aliyeleta tofauti kule Canada, hana fungu. Hata hivyo serikali ilizindua Septemba 2023 wahudumu wa afya wa kijamii wapatao 100,000, wanaozunguka nyumba hadi nyumba wakipima presha na sukari. Hawa wanazijua njia za vijijini, na wanamjua nani katoka hospitalini. Kumwongezea mmoja wao kazi ya kumwuliza mgonjwa ametembea dakika ngapi wiki hii hakuhitaji mashine yoyote kutoka ng'ambo.

Kwa sasa Mwalimu hana mhudumu wa namna hiyo, kwa hivyo tumejipanga wenyewe. Kila Ijumaa jioni humpigia simu. Hunitajia dakika zake alizozinakili kwa kalamu nyekundu katika daftari la zamani la mahudhurio, nami kwa masharti yake lazima nimtajie zangu. Ijumaa iliyopita yeye alikuwa na 190. Mimi nilikuwa na 60, akaniambia nirudie darasa.